Kampala, Nairobi, Kigali au Dar: pa kuanzia ukiwa na programu inayokula taarifa za watu

Vijana wawili walinijia hapa Bombo, Uganda, na kompyuta moja wanayoibeba kwa zamu. Wametengeneza programu ya kuwakopesha waendesha bodaboda. Mwendeshaji anapiga picha ya uso wake, anaandika namba ya Ndaga Muntu, yaani kitambulisho cha taifa cha Uganda, anairuhusu programu isome historia ya pesa zake za simu, kisha akili mnemba inaamua apewe kiasi gani. Dakika mbili, kazi imekwisha. Wanataka kuanza na nchi moja, baadaye wavuke mpaka. Swali lao lilikuwa fupi: "Mzee, wapi sheria ni nyepesi?"

Niliwaambia swali hilo limepitwa na wakati. Uganda na Kenya zilitunga sheria zao za data binafsi mwaka 2019, Rwanda ikafuata Oktoba 2021, Tanzania ikapitisha yake 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023. Kukimbilia kwa jirani hakusaidii tena. Hata kusajili kampuni nje hakukukingi, kwa sababu sheria ya Uganda inamfuata mtu yeyote anayekusanya data za raia wa Uganda, awe ndani ya nchi au nje, na ya Kenya inamlinda yeyote aliyeko Kenya. Mganda anayeuza nguo Eastleigh, Nairobi, analindwa na sheria zote mbili kwa wakati mmoja.

Kinachotofautiana ni mahali mlinzi aliposimamishwa. Ukizisoma sheria hizi nne kwa mpigo unaona kila nchi ina mlango wake unaolindwa kwa ukali kuliko mingine. Kwa hiyo kabla ya kuuliza uende wapi, jiulize chombo chako kinakula nini: pesa, uso, damu, au nyendo za mtu.

Uganda: mlinzi kasimama kwenye pesa

Sheria yetu ina orodha ya data za aina ya pekee, zile ambazo ni marufuku kuzikusanya isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile mwenyewe kuzitoa kwa hiari na ridhaa. Katika orodha hiyo kuna imani ya dini, msimamo wa siasa, maisha ya kimapenzi, afya na matibabu. Halafu kuna taarifa za kifedha. Uso haumo. Alama za vidole hazimo. Mara ya kwanza nilirudi kusoma tena nikidhani nimeruka mstari.

Maana yake kwa vijana wangu ni kwamba ile sehemu waliyoiona ya kawaida kabisa, kusoma miamala ya pesa za simu, ndiyo inayowekwa hapa pamoja na faili la hospitali. Na ile picha ya uso iliyokuwa ikiwatia hofu inabaki data binafsi ya kawaida: inahitaji ridhaa na lengo lililotajwa, lakini haimo kwenye chumba cha marufuku. Wasishangilie mapema, maana kanuni za 2021 zinadai tathmini ya athari, yaani kupima kwanza madhara yanayoweza kuwapata watu, pale uchakataji unapoweka haki za watu kwenye hatari kubwa, na sidhani kuna ofisa atakayekubali kwamba kuupima uso wa mtu ili kumpa au kumnyima mkopo ni jambo dogo.

Usajili ni rahisi. Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi inapokea maombi kwa mtandao, ada ni shilingi 100,000, cheti kinadumu miezi 12. Hakuna msamaha kwa mdogo. SACCO yenye daftari na kompyuta moja nayo inatakiwa isajiliwe. Kila mwaka wa fedha ukiisha una siku 90 za kupeleka muhtasari wa malalamiko uliyopokea na uvujaji uliotokea. Wengi husajili wakasahau hilo la pili.

Uvujaji ukitokea, sheria inasema utoe taarifa mara moja. Haitaji saa. Mwanasheria anaweza kulipenda neno hilo, lakini watu wawili walioamshwa saa nane usiku na simu ya mteja watabaki wanabishana: mara moja ni kabla ya kuziba tundu au baada? Ushauri wangu ni kuwa usingoje ujue yote. Peleka unachokijua asubuhi hiyohiyo, mengine utaongeza. Jambo zuri ni kwamba Ofisi ndiyo inayoamua kama wateja nao waambiwe, hivyo hubebi uamuzi huo peke yako.

Adhabu zina sura ya ajabu. Faini ya mtu haizidi pointi 245 za sarafu, na pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo jumla ni milioni 4.9. Kifungo lakini kinaweza kufika miaka 10. Kampuni inaweza kutozwa hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka. Ukiwa mwanzilishi usiye na mapato, anayetishwa hapo ni wewe mwenyewe, na mfuko wa kampuni unapumua.

Ofisi inauma? Inauma, ingawa kwa taratibu. Mwanzoni mwa 2021 NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, ilitoa matokeo ya uchunguzi wake kuhusu SafeBoda, programu ya kuita bodaboda, na kusema kwamba data za watumiaji, yakiwemo majina, namba za simu na barua pepe, zilifika kwa CleverTap, kampuni ya kuchambua tabia za wateja, bila wenyewe kuelezwa ipasavyo. Nawataka watengeneza programu wote waielewe kesi hiyo, kwa sababu hakuna aliyeuza daftari sokoni. Ni kipande cha programu ya mtu mwingine kilichopachikwa ndani ya programu, kama tunavyopachika sote bila kufikiri. Julai 2025 Ofisi ikaamua kwamba Google nayo imekosea kwa kutojisajili Uganda na kwa namna ilivyokuwa ikipeleka data nje, ikaipa siku 30 kujisajili. Waliolalamika walikuwa Waganda wanne.

Udhaifu ninaouona ni wa makazi. Ofisi hii inaishi ndani ya NITA-U, taasisi inayojenga na kuendesha mifumo ya serikali. Mpangaji anayemchunguza mwenye nyumba hulala usingizi wa mang'amung'amu. Kwa kampuni binafsi hilo halikuathiri sana. Lakini ukiwa unafanya kazi na mamlaka za umma, kwa mfano kuunganisha programu yako na kamera za barabarani au kumbukumbu za vitambulisho, usitegemee kwamba cheti cha Ofisi kitakufunika mbele ya wananchi.

Kenya: mlinzi kasimama kwenye mwili

Ukivuka Busia orodha inageuka. Data nyeti za Kenya ni pamoja na alama za kibayometriki (za mwili, kama uso na vidole), za kijenetiki, afya, kabila, hali ya ndoa, majina ya watoto, wazazi na mwenzi, na hata maelezo ya mali. Taarifa za kifedha kwa jina hilo hazimo. Kwa hiyo programu ileile, bila kubadilisha herufi, inasimamishwa mlango tofauti.

Kenya imeshaonyesha kwamba haitanii na mwili. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema kadi za Huduma Namba, vitambulisho vya kidijitali vya Kenya, zilitolewa kinyume cha sheria kwa kuwa tathmini ya athari haikufanywa kwanza. Aliyeshindwa hapo ni serikali yenyewe. Kisha ikaja Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali. Julai na Agosti 2023 watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha ya mboni za macho, kila mmoja akiahidiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli hizo. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zote zilizokusanywa zifutwe ndani ya siku 7, kwa sababu ridhaa iliyonunuliwa kwa zawadi haikuwa ridhaa na tathmini ilikuwa imerukwa. Niliposoma uamuzi huo niliwakumbuka wale wote wanaotoa muda wa maongezi wa bure kwa anayejisajili.

Kuhusu mikopo ya simu, Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu waliopatikana kwenye simu za wakopaji. Siku zilezile baa ilitozwa 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja kujitangaza, na shule 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ruhusa ya wazazi. Kikomo cha sheria ni milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo, ile iliyo ndogo. Linganisha na Uganda: Kenya faini ya kampuni ina dari, kwetu inakua kadiri unavyokua.

Hilo la namba za watu linanigusa. Mwaka juzi nilipokea ujumbe kutoka programu ya mikopo ambayo sijawahi kuiona, ukiniambia nimkumbushe shemeji yangu alipe deni. Sikujua kama amekopa, na yeye hakujua kama nimeambiwa. Tulikutana kwenye arusi wiki ileile, kila mmoja akiangalia sahani yake. Mtu aliyeiandika programu hiyo hakutuwaza sisi wawili. Aliona kitufe cha kuomba ruhusa ya majina ya simu akakiweka, kwa kuwa kipo.

Ninachokipenda Kenya ni kwamba ukishaisoma unajua utapigwa wapi. Uvujaji unatolewa taarifa ndani ya saa 72. Usajili unadumu miezi 24, kwa 4,000 kwa wadogo, 16,000 kwa wa kati na 40,000 kwa wakubwa, zote shilingi za Kenya. Mwenye mauzo chini ya milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10 anasamehewa usajili, ila msamaha huo hauwafikii wa huduma za fedha, afya, elimu, usafiri na wengine kadhaa, yaani karibu kila anayebuni kitu cha maana. Na kwenye uamuzi wa mashine sheria iko wazi: mtu ana haki ya kutoamuliwa na kompyuta peke yake kwa jambo linalomgusa sana, na akiamuliwa hivyo lazima aambiwe, naye anaweza kudai uangaliwe upya. Uganda nayo ina haki hiyo, lakini mwendeshaji wetu wa bodaboda lazima kwanza aandike barua kutaka asiamuliwe na mashine. Nani ataandika barua hiyo, akiwa stendi, na abiria anapiga mluzi?

Rwanda: mlinzi kasimama kwenye mlango wa kutokea

Rwanda jambo linaloumiza ni seva. Sheria ya 2021 inataka data binafsi zihifadhiwe nchini. Kuziweka nje kunahitaji cheti chenye idhini hiyo kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Mtandao. Vijana wangu wanakodi seva Ulaya kwa dola chache kwa mwezi. Uganda hilo linawezekana, mradi huko zinakokwenda kuna ulinzi usiopungua wa hapa au mwenyewe ameridhia. Kenya linawezekana kwa kuonyesha kinga ulizoweka, ingawa data nyeti zinadai ridhaa pamoja na kinga, na mifumo ya umma kama afya na elimu inatakiwa iwe na angalau nakala moja ndani ya nchi. Kigali unaanza kwa kubisha hodi.

Taarifa ya uvujaji ina saa 48. Faini za kiutawala ni kati ya faranga milioni 2 na 5, au asilimia 1 ya mauzo ya dunia nzima kwa kampuni.

Lakini usiiandike Rwanda kuwa ngumu ukaishia hapo. Drone za kupeleka damu hospitalini zilianza kuruka kutoka Muhanga Oktoba 2016, na kanuni za kuzipima kwa utendaji wake zikafuata 2018. Hapo unaona njia yao: ukija na serikali mkiwa mezani pamoja, teknolojia inaruka kwanza na kanuni inaandikwa ikitazama juu. Sheria ya data nayo iliwapa watu miaka 2 ya kujipanga, hadi Oktoba 2023. Kwa mwenye mradi wa afya, aliye na hospitali inayomtaka na mtu wa kukaa Kigali, sioni mahali pazuri zaidi. Kwa vijana wawili na kompyuta moja, ambao hawamjui mtu yeyote huko, mlango huo ni mzito. Na tusisahau kwamba anayelinda faragha huko ni chombo cha usalama wa mtandao. Hizo ni kazi mbili zinazopishana mara nyingi kuliko tunavyokiri.

Tanzania, na suala la lugha

Tanzania nitaipita haraka, kwa kuwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi Aprili 2024 na mwenendo wake bado unajengeka. La kujua ni kwamba kupeleka taarifa nje ya nchi kunaombewa kibali.

Kinachonivutia kwao ni kitu kingine. Tume inazungumza na watu kwa Kiswahili: taarifa binafsi, mhusika wa taarifa, mkusanyaji, mchakataji. Mama anayeuza samaki Mwanza anaweza kusomewa haki yake akaielewa. Hapa Uganda Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya katiba ya 2005, lakini programu karibu zote zinaomba ridhaa kwa Kiingereza, kurasa kumi na mbili, na kitufe cha kijani chini. Sheria yetu inataka ridhaa ya hiari, mahususi, yenye ufahamu na isiyo na utata. Mtu wa Arua au Kasese anayesoma Kiswahili au Lugbara au Lukonzo akibonyeza kitufe cha Kiingereza, ufahamu uko wapi? Sijasikia kesi iliyoamuliwa kwa hoja hiyo. Siku ikija, nyingi ya ridhaa zilizohifadhiwa kwenye seva zetu zitakuwa makaratasi tu. Kuandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Luganda kunagharimu siku mbili za kazi.

Ulaya na Marekani, kwa kifupi

Watu huniletea sera za faragha walizonakili kutoka Ulaya, zikitaja haki ambazo sheria yetu haina, kama ile ya kuhamisha data zako kwenda kwa mshindani. Kenya inayo, Uganda haina. Ukiiahidi basi itimize.

La kujifunza Ulaya ni namna ya kusimamisha kitu. Mwishoni mwa Machi 2023 Italia iliizuia ChatGPT, ikaandika orodha ya mambo ya kurekebisha, na kabla Aprili haijaisha huduma ilikuwa imerudi. Mwezi mmoja. Worldcoin na Kenya walivutana karibu miaka 2. Kwa mbunifu, katazo lenye orodha na tarehe ni nafuu kuliko ruhusa isiyojulikana itaisha lini. Marekani haina sheria moja ya shirikisho kwa data zote. Kuna ya afya, ya watoto, na majimbo kama California yana zake. Ukiuza huko utahitaji mwanasheria wa huko.

Basi waanzie wapi?

Kwa mikopo ya bodaboda niliwaambia waanze Uganda na wajenge kwa kipimo cha Kenya. Usajili wetu ni wa bei wanayoimudu, wanawajua wateja, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya 2020 inaruhusu Benki Kuu ya Uganda kuwapa wabunifu wa malipo uwanja wa majaribio kwa muda maalumu, chini ya uangalizi. Leseni ya kukopesha ni habari nyingine na mlango wake uko UMRA, mamlaka inayosimamia taasisi ndogo za fedha. Ila waandike tathmini ya athari kama vile Kamishna wa Nairobi ataisoma kesho, wajiwekee saa 72 za uvujaji hata kama hapa hakuna saa, na kila anayenyimwa mkopo aambiwe ni mashine iliyoamua na apewe namba ya binadamu. Kuziongeza nguzo hizi baadaye, programu ikiwa na watu elfu kumi, ni kama kuchimba msingi nyumba ikiwa na wapangaji.

Kama chombo chako kinategemea uso au kidole kuliko pesa, nashawishika kusema kinyume cha wengi: ipeleke Kenya kwanza. Ikipita huko imepita. Ukikaa Uganda kwa sababu orodha yetu imeusahau uso, unajenga juu ya pengo ambalo marekebisho yoyote ya sheria yanaweza kuliziba. Tena jiulize kama uso unahitajika kweli. Niliwauliza vijana picha ile inawaambia nini ambacho namba ya kitambulisho na laini ya simu iliyosajiliwa havijawaambia. Mmoja akasema inazuia udanganyifu. Mwenzake akasema wawekezaji huipenda.

Tulibishana kuhusu uso hadi adhana ya alasiri. Hawakuutoa, walikubali tu picha ifutwe baada ya kulinganishwa badala ya kutunzwa. Lakini kitufe cha kusoma majina ya simu walikifuta palepale mezani, mbele yangu, kabla hawajatoka kusubiri taksi ya kurudi Kampala.